Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone: Maisha ya Daktari Garnham

Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone. Katika toleo hili la jarida letu nimeonelea niandike juu ya mgeni mmoja aliyekuja Kenya akiwa kijana wa miaka 24, akafanya kazi hapa kwa zaidi ya miaka 20, kisha akaacha jina lake katika vitabu vya matibabu vya dunia nzima. Mgeni huyo ni Daktari Percy Cyril Claude Garnham. Najua wengi wenu hamjapata kulisikia jina hilo. Mimi nililikuta nikitafuta jambo jingine kabisa. Nilitaka kujua mbona kuna ugonjwa unaoitwa Homa ya Bonde la Ufa. Bonde la Ufa ni hili letu, lenye Menengai na Longonot, lenye ziwa Nakuru na ziwa Naivasha. Je, tulifanya nini hata ugonjwa ukapewa jina la kwetu? Nilipofuata swali hilo ndipo nikafika kwa Garnham, nami sasa nawaletea maisha yake kama nilivyoyapata.

Garnham alizaliwa mjini London, Uingereza, tarehe 15 Januari 1901. Mwaka huo huo, mwezi wa Desemba, reli kutoka Mombasa ilifika Kisumu, mji ambao baadaye ungekuwa kama shule yake ya pili. Alisomea udaktari katika hospitali ya St Bartholomew's huko London, naye akafuzu mwaka 1923. Angeweza kukaa kwao, afungue zahanati yake na kutibu mafua ya Waingereza mpaka azeeke. Lakini mwaka 1925 aliajiriwa na serikali ya kikoloni akaja Kenya.

Wakati huo nchi yetu ilikuwa koloni rasmi kwa miaka mitano tu. Madaktari walikuwa wachache kama mvua ya Januari. Daktari mmoja aliweza kupewa wilaya nzima, atibu vidonda, azalishe, apasue, achunguze maiti, na jioni aandike ripoti kwa wakubwa. Wengi walichoka, wakahesabu miaka ya kwenda likizo. Garnham yeye alikuwa na tabia moja iliyomtenga na wengine: alipenda kujua sababu. Mgonjwa akipona, alitaka kujua amepona kwa nini. Akifa, alitaka kujua ameuawa na nini hasa. Na akishajua, aliandika. Tabia hiyo ya kuandika ndiyo iliyonivutia kuliko yote, na nitairudia.

Kazi yake ya kwanza kubwa ilikuwa malaria. Tangu mwaka 1897 dunia ilikuwa inajua kuwa malaria huletwa na mbu, baada ya Ronald Ross kuviona vimelea ndani ya tumbo la mbu kule India. Lakini kujua kwamba ni mbu si mwisho wa maneno. Mbu yupi? Anazaa wapi? Mbona mtoto wa Kisumu anaugua mara nyingi akiwa mdogo, na akikua homa inampungukia, hali mtu mzima aliyetoka sehemu za baridi akifika huko anaangushwa kitandani mara moja? Mwaka 1929 Garnham alichapisha makala juu ya malaria ya Kisumu. Mwaka 1935 akaandika tena juu ya malaria isiyokatika, ile inayoishi na watu mwaka mzima katika vijiji. Ili kuandika hayo ilimbidi apime damu za watoto na kuwapapasa matumbo kuona kama wengu umevimba, maana wengu wa mtu mwenye malaria ya mara kwa mara huvimba. Kazi hiyo haina sifa wala haina pesa. Ni kazi ya kutembea.

Sasa tuje nyumbani, Naivasha. Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo penye kiini cha habari yetu.

Ardhi ya pale kando ya ziwa ilikuwa malisho ya Wamaasai. Kwa mkataba wa mwaka 1904 Wamaasai waliondolewa Bonde la Ufa, na mahali pao wakaja walowezi waliofuga kondoo wa kutoka ng'ambo, kondoo wenye manyoya mengi na thamani kubwa. Tayari katika mwaka wa 1912 na 1913 ripoti za idara ya mifugo zilitaja ugonjwa uliokuwa ukiua wana-kondoo katika bonde hili, lakini haukuelezwa vizuri. Basi mwezi wa Julai 1930, katika shamba moja karibu na ziwa Naivasha, kondoo walianza kufa. Wana-kondoo waliozaliwa wakiwa wazima walilala chini, wakakataa kunyonya, na kabla ya siku mbili kwisha wakawa wamekufa. Kondoo wenye mimba walizitupa. Katika muda wa wiki nne hivi walikufa wana-kondoo wapatao 3,500 na majike 1,200. Hebu fikiri, msomaji, uamke asubuhi ukute boma lote limelala na halitaamka.

Waliotumwa kuchunguza walikuwa madaktari wa mifugo wa maabara ya Kabete, Robert Daubney na J. R. Hudson. Walipowapasua kondoo waliokufa waliona jambo moja likijirudia: ini limeharibika, limejaa madoa na rangi yake imebadilika. Walichukua damu ya kondoo mgonjwa wakaipitisha katika chujio lenye matundu madogo sana yasiyopitisha bakteria. Damu ile iliyochujwa wakamdunga kondoo mzima, naye akaugua vile vile. Basi wakajua kwamba adui ni mdogo kuliko bakteria. Ni virusi. Tukumbuke kwamba wakati huo hapakuwa na hadubini ya kuweza kuvionyesha virusi. Walikuwa wakimtafuta mwizi kwa kufuata nyayo zake tu.

Kisha mambo yakageuka. Watu waliowashika wale kondoo nao wakaanza kuugua. Homa ya ghafla, kichwa kuuma, viungo kuuma, kisha baada ya siku chache wakapata nafuu. Hata watafiti wenyewe waliugua. Kumbe si ugonjwa wa kondoo peke yao! Hapo ndipo daktari wa watu alipohitajika kando ya madaktari wa mifugo, na daktari huyo alikuwa Garnham, kijana asiyezidi miaka 30.

Jambo jingine walilogundua ni kwamba kondoo walipopandishwa sehemu za juu zenye baridi, kufa kulikoma. Pale ziwani kulikuwa na kitu ambacho kule juu hakikuwako. Dalili zote zilielekeza kwa mbu. Mwaka 1931 Daubney, Hudson na Garnham walichapisha makala yao katika jarida moja la Uingereza linalohusu elimu ya maradhi. Makala yenyewe ilikuwa na kurasa 35 hivi. Waliuelezea ugonjwa mpya wa kondoo, ng'ombe na watu kutoka Afrika Mashariki, nao wakaupa jina la mahali ulipokutwa. Hivyo ndivyo jina la kwetu lilivyoingia katika kamusi za madaktari. Shirika la Afya Duniani lilitoa ushauri mwaka 2015 kwamba magonjwa mapya yasipewe tena majina ya mahali, kwa sababu yanawaharibia sifa wenyeji na biashara zao. Ushauri ni mzuri, lakini sisi ulitukuta tumeshachelewa miaka 84.

Pengine mwanafunzi atauliza, mbona ugonjwa huo hupotea miaka mingi kisha ukarudi? Jibu halikupatikana wakati wa ujana wa Garnham. Mwaka 1985 ulichapishwa utafiti uliofanywa hapa Kenya ulioonyesha kwamba mbu fulani wa aina ya Aedes huwarithisha mayai yake virusi hivyo. Mbu huyo hutaga katika udongo wenye unyevu, kwenye mabonde madogo yanayojaa maji wakati wa mvua kubwa. Mayai yanaweza kukaa yamekauka ardhini miaka na miaka, kama mbegu za magugu. Ikija mvua ya mafuriko, yanaanguliwa, na baadhi ya mbu wanatoka wakiwa tayari na virusi. Wanawauma ng'ombe, mbuzi na kondoo. Kisha mbu wa aina nyingine wanapokea na kusambaza. Binadamu anaambukizwa akiumwa na mbu, lakini zaidi anapochinja mnyama mgonjwa, anapomzalisha, anapochuna ngozi au anapokunywa maziwa yasiyochemshwa. Wengi hupona. Wachache hutokwa damu, au hupata ugonjwa wa ubongo, au hupofuka macho.

Tukirudi kwa Garnham, Naivasha haikumfanya aache malaria. Mwaka 1938 aliandika makala juu ya kondo la nyuma la mama mwenye malaria. Alionyesha jinsi vimelea vinavyojazana pale, mahali ambapo mtoto aliye tumboni hupata chakula chake. Mama anaweza kuonekana mzima, kumbe kondo lake limejaa vimelea. Leo mama mjamzito akienda kliniki katika sehemu zenye malaria nyingi hupewa chandarua na dawa ya kumkinga. Wengi walichangia elimu hiyo, na Garnham ni mmoja wa waliotangulia.

Mwaka 1945 aliandika habari iliyowashangaza wengi. Iliaminika kwamba sehemu za juu zenye baridi hazina malaria, na ndiyo sababu mojawapo walowezi walizipenda. Garnham alieleza mlipuko wa malaria huko Londiani, ambako ni zaidi ya meta 2,200 juu ya usawa wa bahari. Londiani ni hapo tu kwa anayepanda kutoka Nakuru kupitia Molo. Nani angefikiri kwamba mbu wa malaria angeweza kupanda mpaka kwenye baridi ile? Watu wa huko hawakuwa na kinga kama ya watu wa Kisumu, kwa hiyo ugonjwa ulipofika uliwachapa wakubwa na wadogo bila kuchagua. Siku hizi watafiti wanapojadili kama malaria inapanda milima kwa sababu ya joto kuongezeka, bado wanaifungua makala ile ya mwaka 1945 ili walinganishe.

Katika miaka hiyo Garnham alikuwa mkuu wa kitengo cha serikali kilichoshughulikia maradhi yaenezwayo na wadudu, mjini Nairobi. Pamoja na J. P. McMahon alimaliza kabisa nzi mdogo aenezaye upofu wa mtoni katika bonde la Kodera, kusini mwa Nyanza, kwa kutia dawa ya DDT katika mito. Makala yao ilitoka mwaka 1947. Ilikuwa miongoni mwa kazi za kwanza duniani kuonyesha kwamba mdudu huyo anaweza kuangamizwa katika eneo zima.

Lakini jambo lililomfanya awe mashuhuri kupita yote lilianzia katika ini la tumbili wa Kenya. Hapa lazima nieleze polepole.

Mwaka 1903 mwanasayansi mmoja Mjerumani mwenye jina kubwa, Fritz Schaudinn, aliandika kwamba ameona kwa macho yake kimelea cha malaria kikitoka kwa mbu na kuingia moja kwa moja ndani ya chembe nyekundu ya damu. Kwa kuwa aliyesema alikuwa mkubwa, dunia iliamini. Vitabu vilinakili. Walimu walifundisha. Lakini hesabu haikulingana. Mtu akiumwa na mbu leo, homa haiji kesho; hupita siku kadhaa bila kimelea kuonekana katika damu. Vimejificha wapi? Mwaka 1945 Daktari Fairley huko Australia alionyesha kwamba vimelea hutoweka katika damu kabla ya saa moja kwisha tangu mbu aume, na havirudi kwa karibu wiki nzima. Lazima viko mahali fulani mwilini.

Garnham alikuwa akichunguza kimelea cha tumbili kinachofanana na cha malaria. Katika maini ya tumbili aliona vivimbe vidogo, na ndani yake kimelea kikizaliana kwa maelfu kabla ya kuingia katika damu. Alichapisha habari hiyo mwaka 1947. Mwaka huo huo aliondoka Kenya akaenda kufundisha katika chuo cha London kinachohusika na afya na magonjwa ya nchi za joto. Alikwenda na hilo ini kichwani. Yeye na mkubwa wake, Profesa Henry Shortt, walichukua mbu kwa mamia wenye malaria ya nyani, wakawaachia wamuume nyani mmoja, kisha baada ya siku saba wakachunguza viungo vyake. Vimelea walivikuta kwenye ini. Januari 1948 wakatangaza. Baadaye mwaka huo huo wakathibitisha kwa malaria ya binadamu, kwa kuchukua kipande kidogo cha ini la mtu aliyejitolea. Mambo yaliyofundishwa tangu 1903 yakafutwa. Leo katika kitabu cha Bayolojia tunasoma tu kwamba kimelea huenda kwenye ini kwanza, tunapita haraka haraka kana kwamba ni jambo la kawaida. Wapo waliolitafuta miaka 45.

Tena kuna dawa maalumu ya kuua vimelea vinavyobaki vimelala kwenye ini katika aina fulani za malaria, na kuna chanjo za malaria zinazolenga kukizuia kimelea kabla hakijamaliza safari yake ya ini. Watoto wa Kenya magharibi walianza kupewa chanjo ya kwanza ya namna hiyo mwaka 2019. Huwezi kulenga mahali usipopajua.

Na yule kimelea wa tumbili je? Garnham hakumwacha. Kwa miaka mingi alijaribu mbu wa kila aina ili ajue ni nani anayemwambukiza tumbili, asifaulu. Mwishowe mwaka 1961 yeye na wenzake, R. B. Heisch na D. M. Minter, walitangaza kwamba si mbu kamwe. Ni usubi, yule mdudu mdogo mno asiyeonekana vizuri. Mtu aliyekwisha kuwa profesa mashuhuri bado alikuwa akifuatilia swali aliloliacha Kenya. Mwaka 1964 alichaguliwa mwanachama wa chama cha juu kabisa cha wanasayansi wa Uingereza. Mwaka 1966 alitoa kitabu kikubwa sana juu ya vimelea vya malaria vya watu, nyani, ndege na mijusi. Alistaafu ualimu mwaka 1968 lakini hakustaafu kuandika. Vioo vyake vya hadubini, vyenye damu na maini ya miaka yote hiyo, vimehifadhiwa katika jumba la makumbusho la London. Alifariki tarehe 25 Desemba 1994 akiwa na umri wa miaka 93.

Sasa nataka tuitazame ile makala ya mwaka 1931 ilivyozaa. Nilipoanza kuandika miaka ya makala za Homa ya Bonde la Ufa kwenye daftari, niliona kitu. Makala hazitoki sawasawa kila mwaka. Zinafuata vifo. Baada ya Naivasha zilitoka kadhaa, kisha kimya. Mwaka 1944 virusi vikapatikana katika mbu wa msitu wa Semliki huko Uganda, na makala yake ikatoka 1948. Mwaka 1950 na 1951 ugonjwa ukaingia Afrika Kusini, ukaua kondoo wapatao 100,000, makala zikaongezeka. Kimya tena. Mwaka 1977 ukavuka jangwa hadi Misri, ukaambukiza watu wanaokadiriwa kuwa 200,000 na kuua kama 600. Hapo ndipo dunia iliposhtuka hasa, maana mpaka wakati huo wengi waliuona kama ugonjwa wa mifugo wa Afrika. Mvua za El Niño za 1997 na 1998 zikauleta kaskazini mashariki mwa Kenya, na inakadiriwa watu 89,000 waliambukizwa katika eneo la Garissa na Somalia ya kusini. Mwaka 1999 Kenneth Linthicum, Assaf Anyamba na wenzao wakaonyesha kwamba joto la bahari na picha za setilaiti zaweza kutabiri mlipuko kabla haujaja. Mwaka 2000 ugonjwa ukatoka Afrika kwa mara ya kwanza, ukaingia Saudi Arabia na Yemen. Tangu hapo makala zimeongezeka sana, kwa sababu sasa hata nchi tajiri zimeona kwamba mbu haombi pasipoti.

Mwishoni mwa 2006 ulirudi Kenya, na zaidi ya watu 150 walikufa kabla ya katikati ya mwaka 2007. Safari hii onyo la setilaiti lilikuwa limetolewa mapema. Lakini onyo lililo kwenye jarida la Marekani na mchungaji aliye Ijara ni vitu viwili vilivyo mbali mbali. Hapo ndipo ninapouliza kama mwenyeji alipona kweli.

Nitatoa mfano wa karibu. Jirani yetu mmoja hufuga kondoo. Mwaka mmoja wa mvua nyingi kondoo wake watatu walitupa mimba kwa wiki moja na wana-kondoo wakafa. Alifanya nini? Aliwashika kwa mikono mitupu, akawatupa nyuma ya boma, na mmoja aliyekuwa akielekea kufa akachinjwa haraka ili nyama isiharibike. Mimi sisemi kondoo wale walikuwa na Homa ya Bonde la Ufa. Magonjwa yanayotupisha mimba ni mengi, na hakuna aliyepima. Ninachosema ni kwamba yeye anaishi katika bonde lenye jina la ugonjwa huo, miaka zaidi ya 90 baada ya ile makala, na hakuna neno hata moja la makala ile lililomfikia. Hakujua kwamba mifugo wengi wakitupa mimba kwa pamoja baada ya mvua kubwa, yafaa amwite daktari wa mifugo, asiwaguse bila glavu, asiwachinje, na achemshe maziwa.

Nilipowasomea wenzangu wa chama rasimu ya makala hii, mjadala ulikuwa moto. Mmoja alipinga kabisa tusimsifu mtu aliyeletwa na mkoloni, kwamba alikuja kulinda kondoo wa walowezi na afya ya wafanyakazi wao, si sisi. Mwingine akasema bila yeye tungekuwa bado tunasingizia uchawi. Mimi nadhani wote wawili wana ukweli. Serikali iliyomleta haikuwa yetu, na shamba la Naivasha lilikuwa malisho ya watu waliofukuzwa. Juu ya makala ya 1931 kuna majina matatu. Waliowashika kondoo, waliobeba mizoga, walioshinda porini na kondoo wale usiku na mchana, na ambao pengine ndio waliouona ugonjwa kabla ya mtu yeyote, hawako pale juu. Hilo halipendezi. Lakini Garnham hakuandika uongo, hakuficha alichokiona, na alirudia swali moja miaka mingi mpaka likajibika. Asifiwe kwa hilo. Penye miti hapana wajenzi, walisema wazee, na yeye alijenga.

Siku hizi mambo yanabadilika. Daktari Rosemary Sang wa taasisi yetu ya utafiti wa tiba, KEMRI, ni mmoja wa walioandika juu ya mbu wa mlipuko wa 2006 na 2007. Profesa George Warimwe, Mkenya, ameongoza kazi ya kutengeneza chanjo ya Homa ya Bonde la Ufa kwa binadamu, ambayo ilianza kujaribiwa kwa watu mwaka 2021. Mifugo wana chanjo tangu zamani, kazi ni kuichanja kabla ya mvua na si baada ya vifo. Basi majina ya kwetu yameanza kuonekana juu ya makala. Linalobaki ni lugha. Makala hizo karibu zote ziko kwa Kiingereza, katika majarida ambayo mfugaji hayajui hata kwa jina. Nani atampelekea habari kwa lugha anayoielewa?

Wenzangu, sisi ni Chama cha Kiswahili. Tukikutana Ijumaa tunashindana mafumbo, tunakariri mashairi, tunacheka. Ni vizuri. Lakini tunajua pia kutafsiri na kufafanua, na wengi wetu ni wanafunzi wa kutwa, kila jioni tunarudi nyumbani kwenye mifugo na majirani. Napendekeza kabla ya mvua za masika chama kiandike karatasi moja tu, kwa Kiswahili rahisi, yenye dalili za ugonjwa huu na mambo manne ya kufanya, mwalimu wa Bayolojia aikague, kisha kila mmoja aipeleke kwao. Karatasi moja haihitaji pesa nyingi. Garnham alikwenda na habari za bonde letu mpaka London. Kuzirudisha kutoka London mpaka bomani ni kazi yetu.